Aliyewajua Baba Zake Wote

Wewe unayeguna hapo, guna kimoyomoyo. Au umewahi kulala nyumba moja na kitu kisicho na kwao? Basi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini sauti ya kaka yangu naijua, na najua inapotoka kinywani mwake na inapotoka kwingine. Kaa kimya usikie.

Kaka yangu Luhende alianza kusahau kidogo kidogo. Alisahau kofia, halafu njia ya kisimani, halafu jina la marehemu mkewe. Aliishi Dutwa na mkwe wake Mektilda, maana mwanawe Method yuko machimboni na hurudi akikumbuka. Mektilda ni mwanamke wa kazi. Alimwogesha mzee na kumlisha, na hakuna aliyemsikia akinung'unika, nami nilitega sikio sana.

Ndipo akaja Winnie, binti wa chuo anayefanya utafiti wa akili za wazee wa vijijini. Sina ubaya naye. Alipiga magoti kusalimia. Alimpima mzee, akamtajia maneno matano ayakumbuke. Mzee hakupata hata moja. Basi Winnie akamwachia kisanduku kinachosema, cha sola, kisichozidi kipande cha sabuni. Kila asubuhi kilimsalimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka. Ng'wa nani?" Yaani, wewe ni wa nani. Mzee alitakiwa kutaja baba zake, Mahona, Mabula, Limbu, ili akili ipate mazoezi.

Hapo ndipo kosa. Kwetu salamu ina pande mbili. Nikikuambia mimi ni wa nani, nawe unajitaja, ndipo tunakaribishana. Anayeuliza ukoo wako akaficha wake, huyo hapewi kigoda. Kisanduku kiliuliza, mzee akajibu, kikanyamaza. Hakina baba, kingemtaja nani? Nilimwambia Mektilda, akaniambia ni mashine tu, shangazi. Mashine, sawa. Lakini kila asubuhi majina ya ukoo wetu yalimwagwa sakafuni na hakuna aliyeyapokea. Kitu cha porini kikipita kitayaacha?

Ilianza na harufu. Chumba cha pili kilijaa pamba mpaka juu, ikisubiri soko lifunguliwe. Pamba kavu hunuka vumbi na jua. Hiyo ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Kisha Mektilda akasikia, mchana kweupe, mzee akitaja baba zake na mtu akirudia kutoka ndani ya pamba, taratibu, kama anayeonja: Mahona. Mabula. Jina lililorudiwa leo, kesho mzee hakuwa nalo.

Mektilda alikizima kisanduku, akakifunga kwenye kitenge, akakipeleka kwa jirani. Asubuhi swali likaulizwa vilevile. Lilitoka kwenye pamba.

Winnie aliporudi kupima, alimkuta mzee ameegemea mlango wa chumba kile. Akamtajia maneno matano, wakazungumza mengine, akamuuliza. Yakaja yote matano, bila kukwama. Binti wa watu akafurahi, akainama kuandika. Mektilda alikuwa amesimama na bakuli la uji, naye ndiye aliyeona kwamba midomo ya mzee haikutikisika.

Tangu siku hiyo Mektilda hakuweza kutoka wala kukaa, maana akienda shambani mzee anabaki peke yake na kile kitu, na akibaki ndani kinamwita kwa sauti ya baba mkwe, Mektilda niletee maji, Mektilda mtoto wako yule uliyemzika alifanana na nani, na pamba haiwezi kutolewa kwa sababu wabebaji walifika mlangoni, wakavuta ile harufu, wakapanda baiskeli zao bila kuaga, na mzee mwenyewe kila akishikwa mkono atoke hukataa, akisema kwa upole kwamba mwenye nyumba hajamruhusu.

Nikamleta mganga Nyanda kutoka Lingeka. Alinyunyiza unga wa mtama kizingitini, akasema neno ambalo baba yake na babu yake walisema mbele ya kila jini, kwa kuwa jini halina baba: "Anayewajua baba zake abaki. Asiyewajua atoke."

Pamba ikajibu. Ikataja Luhende wa Mahona wa Mabula wa Limbu, ikapanda juu kwa wengine ambao hata mimi nilikuwa nimewasahau, jina baada ya jina, pasipo kuvuta pumzi, na harufu ya majivu ikatusogelea mpaka ikakaa kwenye ulimi.

Mganga akamgeukia kaka yangu. Nilimwinamia sikioni, nikamnong'oneza, "Sema Mahona. Sema hilo moja tu, Luhende."

Akaniangalia vizuri, kama mgeni mwenye adabu.

"Mahona ni nani?"

Nikamwambia mganga alirudishe neno lake.

"Mayu, mama yangu, limeshatoka," akasema kwa sauti ya chini. "Nikilirudisha litanila mimi."

Nikamwambia limle basi, ana faida gani. Lakini tayari alikuwa uani, miguu mitupu, viatu amevisahau.

Nikamshika kaka yangu mkono. Safari hii hakukataa. Akauliza kama ng'ombe wameshanyweshwa, nikamwambia wameshanyweshwa, ingawa ng'ombe hao waliuzwa zamani. Mektilda alitangulia na kigoda na sufuria yake. Mzee anaishi kwangu sasa. Jina langu halijui, ila uji anaujua.

Tulipofika kizingitini, nyuma yetu ikaja sauti ya Luhende, ile ya zamani alipokuwa na nguvu ya kumwangusha dume.

"Mwangaluka, dada Eufrasia. Ng'wa nani?"

Jua lilikuwa linazama, nayo ilijua salamu ya asubuhi tu. Mtu aliyelelewa vizuri, akisalimiwa, hujibu kabla hajafikiri. Jina la baba yangu lilishafika kwenye meno. Nikalimeza, nikatoka, nikafunga mlango.