Jike Halishuki

Kaka mtu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusuuza hata kikombe chake mwenyewe, siku hiyo alimwambia dada yake, "Dada, hilo gauni niachie mimi, nitafua."

Dada alikuwa mwokaji mikate. Alirudi kutoka tanurini gauni limemganda mgongoni kwa jasho, akacheka, akasema leo jua limechomoza magharibi, akampa. Mungu amsamehe, alifurahi.

Gauni halikurudi. Kaka, mtega vipepeo, alirudi kutoka msituni wavu mtupu.

Tangu hapo mwokaji hakutoka jasho tena. Alisimama mbele ya moto ngozi kavu kama karatasi, ulimi haujui chumvi, akikonda. Na darini, mchana kweupe, kitu kikawa kinapigapiga polepole kama nguo iliyoanikwa upeponi, na nyumba ikanuka ndizi zilizovunda, kama chambo cha vipepeo, ilhali ndizi hazikuwamo.

Mzee wa dua akaitwa. Alisoma, akamgeukia kaka. "Huyo aliye darini ulimwita kwa kitu gani?"

Kaka akaeleza huku akitazama vidole vyake. Kipepeo yule mkubwa wa msituni, madume hushuka matopeni kunywa chumvichumvi, lakini jike hukaa vileleni mwa miti, halishuki. Mtegaji atakayelipata, sifa zake zitasimuliwa. Basi akalitundikia huko juu gauni lenye jasho la dada. Kilichokuja kilikuwa na mabawa, ila hakikuwa kipepeo.

"Mbona hukutundika shati lako?" dada akauliza, sauti imemkauka.

"Niliogopa. Wanasema kule juu kuna mwenyewe."

Mzee akasema aliyemwalika ndiye amtoe: apande na shati lake, lenye jasho lake, aliache huko, la sivyo dada atanyweka mpaka aishe. Kaka akaapa kwa Mungu kwamba alfajiri atakwenda.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Dada akashukuru, akatoka uani, na pale kwenye kamba akaliona shati la kaka, limefuliwa, halina hata harufu ya kwapa. Akakimbilia kapu la nguo chafu kutafuta gauni lake la pili, la siku zile alipokuwa bado anatoka jasho, nalo halikuwamo, na hapo uchungu ukampanda, uchungu wa kuuzwa na ndugu wa tumbo moja, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule uanze chozi likamchungulia jichoni, na kabla halijadondoka akasikia darini kitu kikikunjuka, kisha kitu chembamba kama uzi, cha baridi, kikamgusa shavu, kikaanza kunywa.