Jodari Aliyelazwa Kwenye Barafu

Kila siku Mwamvua wa Kigombe aliwasha moto mara mbili. Moto wa kwanza wa uji wa nyumbani, wa pili wa kukaanga samaki. Mumewe, Msafiri, alivua jodari kwenye maji marefu. Mwamvua alimkata vipande, akavikaanga na kuvipeleka kwenye shamba la mkonge, na wakata mkonge walivigombania.

Siku moja mpishi wa shamba, Mzee Zebedayo, alimzuia mlangoni.

"Mama, rudi na beseni lako. Jana watu wangu tisa nyuso ziliwawaka moto, vichwa vikawagonga, wakajikuna kama wameangukia upupu."

"Lakini Mzee, nilikaanga mpaka vikakauka!"

"Hata ungekaanga vikawa mkaa. Sivitaki."

Mwamvua alirudi na beseni limejaa. Bila shamba lile, hakuwa na pengine pa kuuza. Alipiga hodi kwa jirani yake Methusela, aliyefanya kazi katika idara ya samaki, akamweleza yote.

"Msafiri akishamvua jodari, humfanyaje?" Methusela aliuliza.

"Humlaza omoni, mbele kabisa ya ngalawa, mzima, ili watu wa pwani wamwone kwa mbali na kupiga vigelegele. Jodari akipasuliwa baharini, watu husema kaokotwa keshakufa."

Methusela aliruka kutoka kwenye kigoda. "Basi tumempata mchawi wenu! Ni jua! Dada, jodari si kama samaki changu. Huyu haachi kuogelea maisha yake yote. Kwa kazi hiyo damu yake huwa na joto kuliko maji anamoishi. Akifa, joto hubaki ndani. Jua likiongeza lake, nyama hufanya sumu. Huioni, huinusi. Na ikishaingia, moto wa jikoni hauitoi."

"Sasa tufanyeje?"

"Akipanda tu chomboni, auawe upesi, atolewe damu, matamvua anayopumulia na matumbo. Kisha alazwe kwenye barafu na afunikwe."

Msafiri aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Nimpelekee jodari barafu? Na sharubati je?"

"Mpelekee," alijibu Mwamvua, "au tuanze kula ugali kwa vigelegele."

Msafiri akainuka kwenda kutafuta gunia.

Methusela alikwenda kumwomba Mzee Zebedayo ajaribu tena.

"Jumamosi, mara moja tu," alisema mpishi. "Mmoja akijikuna, nisilione tena beseni lile."

Ijumaa Mwamvua alipanda basi hadi Tanga, akarudi na bonge la barafu lililofukiwa kwenye vumbi la mbao ndani ya gunia. Alfajiri Msafiri akaenda nalo baharini.

Saa tatu ngalawa ilirudi. Omo lilikuwa tupu! Mwamvua aliingia majini akachungulia. Ndipo Msafiri akafunua gunia lililokuwa katikati ya ngalawa. Alilala hapo jodari mnene, mapezi yake ya ubavuni marefu kama visu.

"Kapasuliwa!" mtu alipiga kelele. "Msafiri, umeokota mzoga?"

"Njoo umguse!"

Yule mtu alimgusa, akarudisha mkono mbio. "Lo! Ana baridi kuliko maji ya mtungi!"

"Na mwenzake nimemrudisha majini," alisema Msafiri kwa maringo. "Hakufika urefu wa dhiraa mbili. Methusela kaniambia wa kimo kile hata kuzaa bado."

Mwamvua alikaanga upesi na kukimbilia shambani. Mzee Zebedayo alikula wa kwanza. Wakasubiri muda mrefu. Alipoona mwili wake mzima, aliwaruhusu watu wake. Mwamvua hakukaa chini. Alitazama nyuso, akatazama shingo, akatazama mikono.

Mara kijana mmoja mrefu akaikwangua shingo yake kwa kucha. Watu wote waliacha kutafuna.

"Wewe Laurenti! Unawashwa?" alifoka Mzee Zebedayo.

"Ni mbu, Mzee!" Laurenti alifungua kiganja. Mbu alikuwa amenata pale, tumbo limejaa damu.

Wakaangua kicheko. Hakuna mwingine aliyejikuna siku ile wala usiku wake. Jumapili asubuhi mjumbe alifika Kigombe: "Mzee Zebedayo anasema, kesho uje na mabeseni mawili."

Mwezi haukuisha, ngalawa za Kigombe zikawa zinarudi omo tupu, moja baada ya nyingine. Na vigelegele vilipigwa vile vile, ila sasa watu walingoja gunia lifunuliwe.