Waya wa Njano

Nyumbani kwetu Mvumi, asubuhi huanza kwa sauti ya pampu. Mimi huwa nachochea moto wa chai. Mwanangu Mwinshehe huwa ameshashuka mtoni. Anavuta kamba mara moja, mara mbili, injini inanguruma. Nikiisikia, najua nyanya zetu zinapata maji.

Pampu hiyo aliinunua mwaka jana baada ya kuvuna mpunga. Majirani huiazima, naye hamnyimi mtu. Desturi yetu ni kwamba anayeazima anairudisha ikiwa na petroli. Habari ya oili hakuna aliyewahi kuiuliza, hata mimi.

Mwezi wa nane injini ilianza kuzima yenyewe. Mwinshehe alivuta kamba mpaka bega likamuuma. Hussein, kijana wa bodaboda, alikuwa amemletea petroli. Akachuchumaa, akaitazama.

"Kaka, huu waya wa njano ndio unaoizima," alisema. "Kata tu. Itapiga kazi mpaka uichoke wewe."

Mwinshehe akaukata kwa kisu. Injini ikawaka, na haikuzima tena. Wakagongeana mikono.

Siku ya nne nilipeleka uji shambani. Nyanya zilikuwa zimejaa maua. Maua yakikosa maji wakati huo hupukutika, na shamba hilo ndilo tulilokuwa tunalitegemea mwaka mzima. Nikasikia injini inagonga kwa ndani, ko-ko-ko. Tena ilikuwa inatoa harufu ya kuungua.

"Mwanangu, mashine hii inaumwa," nilimwambia.

"Mama, si inatoa maji?"

"Inatoa, lakini inalia. Zima."

"Nikizima, maua yanapukutika. Atamwagilia nani? Wewe na ndoo yako?"

Nilijua ule si ukali, ni hofu. Kisha nikasema, "Binti wa Malimi amesomea injini ndogo kule Mikumi. Tumwite."

Malimi ni jirani yetu, Msukuma, mfugaji. Ng'ombe wake waliwahi kuingia kwenye mahindi yetu, na maneno mabaya yakasemwa. Tangu hapo yeye na Mwinshehe walisalimiana kwa mbali.

"Naanzaje kumwita?" Mwinshehe aliuliza.

"Nitakwenda mimi. Mimi sikugombana na mtu."

Akazima injini. Nami nikaenda.

Jenipher, binti wa Malimi, alikuja na spana zake ndani ya kiroba. Akaniamkia, "Shikamoo, bibi," nami nikamwitikia. Mwinshehe alikuwa anatazama chini.

"Kaka, kwanza tuihamishe," Jenipher alisema. "Hapa ukingoni imeinama. Oili haipimwi mashine ikiwa imeinama, utadanganyika."

Wakaibeba mpaka mahali palipo sawa. Jenipher akafungua kifuniko chenye kijiti cha kupimia oili. Akakifuta, akakiingiza, akakitoa. Kilikuwa kimelowa kwenye ncha tu, tena cheusi kama masizi.

"Oili ulibadilisha lini?"

"Kubadilisha? Si aliiweka muuzaji?"

Jenipher hakumcheka. Hilo nililiona, na nililipenda.

"Wengi wanafikiri hivyo," alisema. "Petroli inaungua, unaona inaisha. Oili inakaa ndani, inazuia vyuma visisagane. Nayo inapungua na kuchafuka, ila huioni." Kisha akashika ncha ya waya wa njano. "Na huu waya, nani kaukata?"

Mwinshehe alikuna kichwa. "Mimi. Hussein alisema ndio unaozima injini."

"Hakukosea. Ndiyo kazi yake. Oili ikipungua, waya huu unaizima injini ili isife. Ilikuwa inakuomba oili, kaka. Ukaiziba mdomo."

"Imekufa?" Sauti ya mwanangu ilikuwa ndogo.

"Bado. Bibi kaisikia mapema. Ungeendelea mpaka jioni, tungekuwa tunakupa pole ya msiba."

Mwinshehe akacheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo.

Tatizo likawa oili yenyewe. Duka liko Kilosa mjini, na jua lilikuwa kali. Jenipher akaenda kwao. Aliporudi alikuwa na baba yake, aliyeshika chupa ya oili isiyofunguliwa.

"Shikamoo, mzee," Mwinshehe alisema.

"Marahaba. Chukua hii. Niliiweka kwa ajili ya mashine ya kupukuchua mahindi. Mahindi yangu yatangoja."

Injini ilikuwa bado na uvuguvugu. "Ndivyo inavyotakiwa," Jenipher alieleza. "Oili ya vuguvugu inatoka yote na uchafu wake." Akafungua nati ya chini. Oili nyeusi ikatiririkia kwenye dumu lililokatwa. Mwinshehe akataka kuimwaga majanini.

"Hapana, kaka. Maji haya wanakunywa watu na ng'ombe. Tuifungie kwenye dumu jingine, nitaipeleka gereji."

Akakaza nati, akamwaga oili mpya taratibu, akapima mpaka ikafika kwenye alama ya juu. Hakupitisha. Akakung'uta vumbi kwenye chujio la hewa. Mwisho akauunga ule waya.

"Pima kila asubuhi kabla ya kuvuta kamba," alisema. "Kitabu chake kinasema badilisha kila baada ya saa mia za kazi. Kwa vumbi letu, mimi nabadilisha baada ya hamsini. Na ununue oili ya injini kama hii, mpya. Usichukue ile chafu inayotolewa kwenye malori."

Injini ikawaka. Haikugonga tena. Kabla jua halijazama, maji yalifika tuta la mwisho.

Siku hizi anayetaka kuazima pampu kwetu anafundishwa kwanza kupima oili. Hussein aliiazima kwa ajili ya mchicha wa mama yake. Saa moja haijapita, akaja mbio.

"Kaka, imezima tena yenyewe."

"Ulipima asubuhi?"

Hussein akatazama pembeni. Mwinshehe akaenda naye, akaiweka pampu mahali palipo sawa, akachomoa kijiti. Oili ilikuwa chini ya alama.

"Imetuomba," alisema, akaongeza oili.

Maua yetu yalishika, na nyanya zikaiva. Mwinshehe alijaza tenga la kwanza, akaweka juu yake chupa mpya ya oili, akaenda kwa Malimi. Safari hii hakuhitaji niende mimi.