Mtungi wa Wapita Njia

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare ya shule, Wening alijaza mtungi wa udongo maji ya kisima yaliyochemshwa yakapoa, akauweka juu ya kibao langoni. Ndivyo wafanyavyo watu wa kijiji cha Karangsari: mpita njia mwenye kiu hanyimwi maji. Huuinua mtungi, akajimiminia kinywani bila kuugusa kwa midomo, akaendelea na safari yake.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta cha Baba Mkubwa Darmaji. Yeye ndiye aliyewapa nyumba hiyo, na ndiye aliyemwajiri baba yake Wening kuuza mafuta na kupima, kwa fimbo ndefu, yaliyobaki katika tangi lililofukiwa ardhini.

Mvua zilipoanza, kisima kikaanza kunuka petroli. Hata maji yakichemshwa, harufu haikutoka.

"Nikinywa haya nitanguruma kama pikipiki," Seno, mwanafunzi mwenzake, alimtania, akayatema.

Wening hakucheka. Alimwambia mama.

"Nyamaza, mwanangu," mama alisema, akitumbukiza majani ya pandani yenye kunukia mtungini ili yafunike harufu. "Kituo kikifungwa, baba yako atafanya kazi wapi? Sisi tutalala wapi?"

"Basi tusiuweke mtungi nje."

"Watu watauliza kwa nini."

Wening akajiona kama kuku aliyefunikwa tenga. Wao wenyewe walikunywa maji ya kununua, yaliyofichwa chini ya kitanda. Lakini Bibi Tumirah, muuza mboga, hakupita langoni bila kunywa.

"Siku hizi tumbo linanisokota, mjukuu wangu," alisema bibi. "Afadhali maji yenu, yananukia pandani."

Wening alishindwa kumtazama usoni.

Asubuhi moja Baba Mkubwa alikuja amekunja uso.

"Parjo," alimwambia baba, "mafuta yanapungua kuliko tunavyouza. Nimekuvumilia kwa kuwa u mdogo wangu. Leo nipe funguo."

"Kaka, sijachukua hata kopo."

"Basi panya ndio wanaokunywa petroli?"

Kwa hasira akaunyakua mtungi, akainua uso anywe. Mama akainamisha macho.

"Baba Mkubwa, usinywe," Wening alisema. "Petroli yako imo humo. Imeingia kisimani kwetu."

Baba Mkubwa akanusa. Akaenda kisimani, akavuta ndoo. Juu ya maji palielea utando wa rangi nyingi. Akakaa ukingoni.

"Kumbe mwizi nimemfukia mwenyewe," alisema. "Nisamehe, Parjo."

Kituo kilifungwa siku hiyo. Mama na Wening walikwenda kumwomba radhi Bibi Tumirah, wakampeleka hospitali. Mafundi walifukua tangi, nalo lilikuwa limetobolewa na kutu. Udongo ulionuka ulichimbwa ukapelekwa kusafishwa. Wakatoboa visima vyembamba, wakavuta maji machafu kwa pampu na kuyachuja, wakapuliza hewa ardhini kutoa mabaki. Baba alipewa kazi ya kulinda pampu. Mvua zikapita, zikaja nyingine, na majirani, ambao visima vyao navyo viliingiwa na mafuta, wakawa bado wanapanga foleni kwenye lori la maji.

Hatimaye wapimaji walisema kisima ni salama. Wening akauweka tena mtungi langoni, na Bibi Tumirah akawa wa kwanza kunywa.

"Kitendawili," alisema, akijifuta kidevu.

"Tega," wakajibu Wening na watoto waliokusanyika hapo.

"Hana mikono, anaiba. Hana miguu, alichoiba anakipeleka kwa jirani."

"Tangi linalovuja," Seno aliwahi.

"Umepata. Lakini alikuwa na msaidizi. Nani?"

Mama ndiye aliyejibu, polepole. "Sisi tulionyamaza."

"Naam," bibi alisema. "Kila siku mliyonyamaza, mafuta yalitambaa mbali zaidi. Kinachodhuru watu kisemwe mapema, wajukuu zangu, hata kama kitamuudhi ndugu. Mama yake Wening aliogopa kwamba ukweli utamfukuzisha baba kazi, kumbe ukimya ndio uliokaribia kumfukuzisha."

Akaunusa mtungi. "Na pandani je?"

"Hatutii tena, bibi," Wening alisema.

"Vizuri. Nijazie."