Unga Mweusi Usiotua

Wewe uliuona ule moshi. Usibishe. Ulifunga dirisha, ukaziba pua, ukasema, "Ya wenyewe hayo." Haya, kaa nikusimulie ya hao wenyewe.

Masizi, ndivyo watu walivyomwita, alikuwa mchochea tanuri. Kiwandani kwao taka za plastiki zilipikwa ndani ya tanuri lililofungwa, bila hewa, mpaka zikawa mvuke. Mvuke ulipita juu ya vumbi la chuma, ukaacha unga mweusi, laini kuliko masizi ya kibatari. Unga huo hutiwa kwenye betri. Ukutani tajiri mwenye kiwanda aliandika: TUNASAFISHA DUNIA. Wageni wenye tai walikuja, wakapiga makofi, wakaondoka kabla upepo haujageuka.

Mimi sisahau. Kiwanda cha ngozi nacho kilikuja na bango. Mto wetu uko wapi leo?

Mke wa Masizi zamani alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Huko alizoea kwamba nguo ya kazi hukung'utwa kwanza, ndipo ifuliwe. Basi kila jioni aliikung'uta ovaroli ya mumewe mlangoni, pa! pa! pa! Binti yao wa miaka mitatu alikuwa akicheza miguuni pake.

Mtoto akaanza kukohoa. Kila akivuta pumzi, mbavu zinaonekana.

Jirani yao, mama aliyepima maji na vumbi maabarani kwa miaka ishirini, akapita siku moja akaona.

"Weka chini hiyo nguo, mwanangu!"

"Kwani vipi, mama? Si unga tu?"

"Unga wa nafaka unauona ukitua. Huu hautui. Chembe zake ni ndogo mno, kitambaa cha puani hakizishiki. Zinazama mpaka ndani ya pafu. Madhara yake yote hata wataalamu hawajamaliza kuyajua. Unataka wajifunzie kwa mwanao?"

Masizi akacheka. "Mama, mimi naupumua mwaka wa pili huu. Niko ngangari." Akakohoa papo hapo.

"Ngangari yenyewe ndiyo hiyo? Na mabomba ya maji, yale ya plastiki ngumu, mnayapika?"

"Msimamizi kasema plastiki ni plastiki. Tia yote."

"Mabomba yale yakipikwa hutoa moshi wa asidi. Unakula macho, unakula mabati."

Masizi akatazama paa lake. Mabati ya juzi tu, yametoboka kama chujio. Hakucheka tena.

Asubuhi mkewe akaenda getini na ovaroli mkononi. Wake wa wachochea tanuri wengine nyuma yake. Waume zao nao wakagoma kuwasha tanuri.

"Mnapinga maendeleo?" tajiri akafoka.

"Tunapinga kikohozi," mke wa Masizi akajibu. "Kama unga wako ni safi, bosi, ikung'ute hii mbele ya watoto wako."

Tajiri akarudi nyuma hatua mbili. Hatua zile mbili kila mtu aliziona.

Tanuri lilikaa baridi siku tisa. Siku ya kumi tajiri akakubali. Mabomba sasa yanatengwa. Gesi iliyokuwa ikiachiwa hewani inarudishwa kuchomwa chini ya tanuri. Moshi unaobaki unaoshwa kwa maji, na maji hayo yanasafishwa, hayamwagwi mtaroni. Sakafu inapanguswa kwa tambara bichi, haifagiliwi. Wachochea tanuri wanaoga kazini, na ovaroli hazivuki geti.

Mtoto bado anapelekwa kliniki kusikilizwa kifua. Lakini anakimbia, na kelele zake zinatuchosha mtaa mzima. Na zituchoshe!

Kutoa mali kwenye taka si dhambi. Dhambi ni kuitoa taka mtaroni, ukaihamishia kifuani mwa mtoto, kisha ukaiita kazi hiyo usafi.

Sasa wewe. Lile bomba la moshi la karibu na kwako unalijua. Nenda leo, na usiende peke yako. Waulize wanapika nini, moshi unaishia wapi, nguo zinafuliwa na nani. Wakikujibu kwa bango, wape ovaroli waikung'ute.