Ningoje Getini

Raya alikuwa sokoni Portimão, Ureno, akibishania bei ya mtandio wa kijani alioagizwa na dada yake Pili kwa Kiingereza cha kubahatisha na vidole, aliposikia nyuma yake Kiswahili cha Morogoro.

"Huyo mama hapunguzi, mrembo. Hapa si soko la Mawenzi."

Aligeuka. Riyaz! Yule yule kijana wa duka la vitambaa, macho yale yale ya kucheka, ndevu zimeanza kuingia mvi. Raya alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli ya watalii, na meli ingeng'oa nanga jioni ile ile. Alikuwa amevaa dera la njano, akashukuru kimoyomoyo kwamba amelivaa.

Miaka saba nyuma walipanga kutoroka. Kwao Riyaz hawakutaka mkwe Mluguru, na mama yake Raya alishamnyang'anya binti simu. Maneno aliyabeba Pili, ambaye naye hakumpenda yule kijana hata kidogo. "Amesema umngoje stendi ya Msamvu," Pili alimwambia. Raya alisimama Msamvu na begi lake, milima ya Uluguru ikimtazama, mpaka wauza maji wakaanza kumcheka. Riyaz hakutokea. Baadaye akasikia ameenda Ulaya.

Na leo anatabasamu!

"Umenawiri, kipenzi."

"Na wewe umezeeka vibaya."

Wakacheka. Moyo hauna adabu. Raya alilipia mtandio, wakabadilishana namba, wakazunguka vichochoro vya nyumba nyeupe, wakala samaki wa kuchoma kando ya mto. Riyaz alimtolea miiba mmoja mmoja, kama zamani alivyokuwa akimmenyea machungwa. Sahani zilipoisha, Raya alikuwa tayari kusamehe. Alingoja neno moja tu, samahani.

"Sikuoa," Riyaz alisema. "Nafungua duka langu la simu, nafunga, nalala. Usirudi melini, Raya. Baki nikuoe."

"Na yale ya Morogoro?"

"Yaliyopita si ndwele. Mimi nilishakusamehe zamani."

Kamsamehe! Mkosaji ndiye anayegawa msamaha! Raya angeuliza tu, "Unisamehe nini?" maisha yake yangekuwa mengine. Lakini hasira hasara, na yake alikuwa ameilea miaka yote hiyo kama mwanawe. Akamshika Riyaz mkono, akalegeza sauti.

"Nitabaki, mpenzi. Kavae vizuri, uningoje getini bandarini. Nakwenda kuchukua begi langu."

"Kweli?"

"Wallahi."

Jioni alimwona kutoka juu ya meli, mtandio wa Pili ukiwa kifuani. Riyaz alikuwa amevaa suti nyeusi, ameshika maua, amenyoa ndevu zote. Watalii wa mwisho walimpita, walinzi wakaanza kumtazama na kunong'onezana. Raya alifurahi, tena alifurahi sana. Honi ikalia, ngazi ikavutwa, simu ikaita.

"Raya, uko wapi? Meli inaondoka!"

"Najua. Nimo ndani yake. Umeonja? Ndivyo ulivyoniacha stendi."

"Stendi gani?"

"Msamvu, Riyaz! Usijifanye umesahau."

Riyaz aliposema tena, sauti ilikuwa imechoka.

"Mimi nilikungoja Mikese, kule nje ya mji. Siku nzima, na gari la kuazima. Msamvu kila mtu anatujua, ningekuitaje huko? Nilimwambia Pili, Mikese. Akarudi akaniambia umekubali."

Raya alishika chuma cha ukingo wa meli. Maji kati yake na gati yalikuwa yanapanuka.

"Riyaz... ningoje. Bandari ijayo nitashuka, nitarudi, ningoje tu—"

"Nimekungoja mara mbili, Raya. Inatosha."

Akakata. Raya alipiga tena, akapiga tena, simu ikawa imezimwa. Pale getini Riyaz alimkabidhi mlinzi yale maua, akaondoka bila kugeuka.

Simu ya Raya ikalia. Aliipokea kabla hata ya kutazama jina.

"Mdogo wangu," Pili alisema kwa furaha kutoka Morogoro, "mtandio wangu umeupata?"

Raya alikuwa bado ameukumbatia.