Ukuta Usio na Dirisha

Treni ya Kigoma ilikuwa haijasimama vizuri, na Amne alikuwa hoi tayari. Stesheni ya Tabora ilijaa vikapu, kuku na makelele, naye amekumbatia cherehani aliyokuwa akiirudisha kutoka kwa fundi, gauni lake la maua limemganda mgongoni. Mara mikono ya mtu ikampokea mzigo bila hata kuomba.

"Dada, utavunjika kiuno."

Alikuwa karani wa mizigo, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu sikioni.

"Nipe cherehani yangu, kaka."

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Na mimi zamu imekwisha, nakwenda kwetu."

Kila kona aliyokata Amne, yule bwana naye aliikata, hata Amne akasimama njiani na kumwambia akiendelea kumfuata ataita watu. Bwana akacheka, akamwonyesha nyumba iliyopakana na ua wa kina Amne. Ndiye Mayala, mtu wa Nzega, aliyeinunua juma lile.

Basi mapenzi yakaanza, na heri yangeendelea vilevile. Jioni Mayala alipita kibarazani, ati kuijulia hali cherehani.

"Cherehani haijambo," Amne humwambia. "Aliyechoka ni mwenyewe."

Na alichoka kweli. Alishona sare za shule kwenye dirisha moja tu, lililotazama uani, na mwanga wa dirisha hilo ndio uliowalisha yeye na shangazi yake Zamda, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Macho ya Zamda yalikuwa yakififia, lakini mchana, mwanga ukiwa mwingi, bado aliweza kushona vifungo. Alijivunia vifungo vyake kuliko kitu chochote.

Kisha Mayala akaacha kuja. Si hivyo tu: akikutana na Zamda njiani, alivuka upande wa pili na kugeuza uso.

"Kijana gani huyu, hata shikamoo hana!" Zamda alifoka. "Ndiyo yale yale, maskini akipata..."

Hakumaliza, maana matofali yalikuwa yameanza kushushwa. Mayala aliongeza chumba nyuma ya nyumba, na ukuta wake ukapanda mpakani, mrefu, hauna hata tundu la panya. Majirani wakasema anajenga cha kuwekea mke. Amne hakuuliza mke gani. Ukuta ulipopita paa la kina Amne, ikabidi awashe taa adhuhuri, na sindano ikamchoma kila siku. Zamda akabaki ameshika vifungo mapajani, anavipapasa, havishoni. Hapo ndipo Amne alipokwenda kushtaki baraza la mji.

Afisa alikuja na kamba ya kupimia.

"Ukuta hauna dirisha," akasema, "kwa hiyo hakuna anayechungulia ua wa mtu. Mpaka haukuvukwa. Kibali kinabaki."

"Na mwanga wetu?" Amne aliuliza.

"Mwanga, dada, sijaambiwa niupime." Akamgeukia Mayala. "Lakini ndugu, kwa nini mrefu namna hii?"

Mayala, aliyekuwa amesimama muda wote akimpa Zamda kisogo, alitazama viatu vyake. "Basi tu, mzee."

"Mnaona?" Zamda alisema kwa sauti ya kukatika. "Hata mbele ya serikali ananipa mgongo."

Amne hakuwa tena na nguvu ya ugomvi. Alitaka yaishe. Akaenda dukani kwa Mzee Premji, akaomba simu.

"Hallo, stesheni? Naomba karani wa mizigo."

"Amne! Ni wewe?"

"Umeshinda. Mlete mkeo akae."

"Mke gani?"

"Wa chumba chako."

Simu ikakoroma kidogo. Premji aliacha kukunja khanga.

"Mpenzi, chumba ni chako. Wazee wangu wanakuja kuposa wakishavuna."

"Mwongo! Anayeposa humkimbia shangazi yangu kama kaona chui?"

"Kwetu mkwe hatazamwi usoni, Amne. Tangu nilipotuma neno nyumbani, yeye ni mama mkwe wangu. Nikimwona namwachia njia. Na ule ua wake, anakooga, anakosukwa nywele? Nikasema nijenge ukuta mrefu, mama wa watu astarehe."

"Mimi mbona hukuniambia?"

"Anayeposa hajisemei. Husema wazee."

Amne aliegemeza paji la uso kwenye rafu. Alitafuta hasira, akakuta uchovu tu, na nyuma ya uchovu kicheko chenye machozi.

"Mayala, heshima yako imetutia gizani. Shangazi hawezi tena kushona kifungo."

"Haki ya Mungu sikujua."

"Ungejuaje, na wewe humtazami?"

Alipokata simu, Premji alimsogezea kigoda. "Lia tu, binti. Leo wateja hakuna."

Nyumbani Amne alimweleza Zamda yote.

Kesho yake Amne alikuwa ameinamia taa, Zamda akainua kichwa. "Amne, mawingu yameondoka?"

Mawingu hayakuwapo. Juu ya ukuta alikaa Mayala, kofia kichwani, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi, anang'oa tofali baada ya tofali, mgongo kaupa ua.

Zamda alijitanda khanga, naye akampa mgongo. "Mwambie ashushe mpaka kimo chake. Nikikaa hapa, nisione ila kofia."

"Amesikia, shangazi." Amne akatoka uani. "Na chumba je, Mayala?"

"Tutabanana katika kile kimoja cha zamani," Mayala alijibu akitazama barabara. "Kama utakubali."

"Mimi mtu niliyechoka. Sihitaji nafasi, nahitaji pa kulala."

Mayala akacheka, kisha akakohoa, akavua kofia bila kugeuka. "Shikamoo, mama."

Zamda alichukua kifungo, akakiinua kwenye mwanga, akayaona matundu yake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Amne, nipe uzi."